Mate ya Bibi na Meno ya Mzee Gego

Jumamosi, jioni. Mvua inaipiga Nyakato tangu tuliporudi, bati linalia juu ya kichwa changu, na mimi nimekasirika.

Lakini kabla ya hasira, iandikwe kwanza kwamba mimi Shija ndiye mwenye mdomo bora kuliko wote Kanda ya Ziwa nzima, kuanzia Bukoba mpaka Musoma, visiwa vikiwemo. Sijisifu. Ni sayansi. Mwezi uliopita kijiti chenye pamba kiliingia humu mdomoni, kikazungushwa kwenye ufizi, kikafungiwa ndani ya kichupa kama dawa ya mfalme, kikalazwa kwenye barafu, kikapanda ndege. Mate yangu yamepanda ndege. Wewe unayesoma, mate yako yamewahi kufika wapi? Kwenye ukuta wa jirani.

Dada Neema, aliyenichukua hayo mate, alinimulika meno na tochi yake ndogo akasema, "Mh." Wapo watakaosema "mh" haina maana yoyote. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa "mh" ya heshima.

Haya, sasa hasira.

Leo nilikwenda kwa bibi kuchukua mate mara mbili. Mate ya kwanza yalikuwa ya kazi, ya kutia kwenye kichupa, nitaeleza. Mate ya pili yalikuwa yangu mwenyewe. Jumatatu nasafiri na wachimbaji wetu kwenda Dar kupeleka mifupa, safari yangu ya kwanza kutoka nje ya kanda hii, na katika ukoo wetu mtu hatoki hivi hivi. Bibi anakoroga unga wa mtama kwenye maji, anachukua funda, anakupulizia kwenye paji la uso, pfuu, anasema maneno yake, unakwenda. Usikunje pua. Ni baraka. Shangazi alipuliziwa alipopelekwa hospitali kujifungua pacha, wakatoka wote watatu wakiwa wazima. Mimi nilipuliziwa siku ya kwanza ya sekondari nikafika mpaka kidato cha pili, na kama sikuendelea, kosa halikuwa la mate.

Nimerudi na mate ya aina moja tu.

Shajara wewe huna meno, hujui haya mambo, kwa hiyo ngoja nikupange.

Nyuma ya nyumba ya bibi, kule ziwani, kuna yale mawe yetu makubwa yaliyobebana kama watoto mgongoni. Chini yake pana uvungu mpana ambao sisi tulikuwa tunafungia mbuzi wakati wa mvua. Hakuna aliyejua kwamba mbuzi wetu wanalala juu ya watu. Ndipo wakaja watu wa chuo. Mkubwa wao ni Dokta. Si wa sindano, ni wa mifupa. Dokta ni Mzaramo, na Mzaramo kwetu Wasukuma ni mtani, kwa hiyo ninayo ruhusa ya ukoo kumtukana bila kuulizwa. Pamoja naye yuko Dada Neema, binti wa Bukoba, anasomea shahada ya pili, na shahada yake yote inahusu ukoga.

Umesoma vizuri. Ukoga. Ule ugumu wa njano unaoganda kwenye meno ya mtu aliyegombana na mswaki.

Niliposikia kwamba mtu anaweza kupewa joho kwa ajili ya ukoga, roho iliniuma. Mimi walinifukuza kwa hesabu za mafumbo. Wangeniambia mapema kwamba kuna somo la ukoga, darasa zima lingekuwa linanakili kwangu, maana mwenye deski la mbele yangu alikuwa na akiba ya kutosha kusomesha mkoa.

Lakini nikiri kwamba ni elimu tamu, na mimi naieleza vizuri kuliko Dokta. Mdomo ni mtaa. Ndani yake wanaishi wadudu wadogo wasioonekana, bakteria, maelfu kwa maelfu, wapangaji. Ukila samaki na nyama ya porini na mizizi maisha yako yote, unao wapangaji wa aina fulani. Siku ukianza kulima, ukatwanga mtama, ukala ugali asubuhi na jioni, ni kama kiwanda kimefunguliwa hapa Nyakato. Wanahamia watu wapya, wa zamani wengine wanahama, mtaa haufanani tena. Sasa ukoga unaganda ukawa jiwe mtu angali hai, unawafungia humo humo wapangaji pamoja na makombo ya chakula. Mtu anakufa, nyama inakwisha, ngozi inakwisha, ukoga uko palepale. Neema anaukwangua kidogo, unapelekwa kwenye mashine, na mashine inasema: huyu alikuwa bado mtu wa nyavu tu. Au inasema: huyu tayari alikuwa na shamba.

Ndicho wanachokitafuta. Ni lini watu wa ufuko huu walishika jembe.

Mimi nilimpa Dokta jibu bure. Nilimwambia walishika jembe siku samaki walipowachosha kama wanavyotuchosha sisi. Akasema Msukuma anapenda njia ya mkato mpaka kwenye mambo ya marehemu. Nikasema afadhali sisi, maana Mzaramo akifukuliwa meno yake yatakutwa na nazi tupu na maneno ya kusengenya. Akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani.

Kumbuka hiyo barakoa iliyoshuka. Tutaihitaji.

Mzee Gego nilimpata mimi. Wengine watakwambia tulimpata wote, lakini brashi iliyogusa gego lake la kwanza ilikuwa mkononi mwangu, na jina nimempa mimi kwa sababu wasomi walikuwa wanamwita kwa namba kama gunia la pamba. Alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, uso umeelekea ziwani. Na meno! Ukoga umejenga ukuta kama chokaa ndani ya birika la chai la shule ya bweni. Neema alipouona aliweka kila kitu chini akacheza, kimyakimya, na glovu zake na ovaroli yake nyeupe, kama mzimu uliopata habari njema. Fuvu lingine tulilopata kabla yake halikuwa na taya. Yote aliyokuwa anayasomea yalikuwa kwenye mdomo huu mmoja.

Masharti ya kumkaribia yalikuwa makali. Barakoa, glovu juu ya glovu, usiongee juu yake, usikohoe, usicheke. Mimi, niliyeambiwa tangu utoto nisiogope wafu, nilikuwa naambiwa nisimwambukize marehemu. Nikatii. Ushahidi wa utii wangu ni kwamba nilikaa asubuhi nzima bila kuongea, jambo ambalo mama yangu mzazi hajawahi kulishuhudia.

Sasa sikiliza kilichotokea, halafu useme kama hasira yangu ni ya bure.

Kabla ya jembe la kwanza, wazee wa ukoo walisema hakuna kuchimba mpaka bibi aongee na waliolala pale. Dokta akakubali, tena kwa furaha. Bibi akaja na kibuyu, akapuliza mtama wake kwenye udongo, akawaambia waliolala kwamba kuna wageni, wasishtuke. Hapo hakuna kilichoharibika. Udongo ni udongo.

Tatizo ni siku uso wa Mzee Gego ulipotoka.

Bibi alisikia, akapanda mwenyewe, kibuyu mkononi. Kwake mtu akiamshwa haachwi na kinywa kikavu. Mgeni akiamka unampa maji, sembuse mwenyeji. Akainama pale shimoni, akachukua funda, akampulizia. Pfuu. Usoni. Kwenye meno. Akamwambia kwa Kisukuma, "Samahani kukuamsha, watu wa mjini hawana subira."

Na Dokta alikuwa wapi?

Alikuwa anapiga picha!

Ninayo mpaka leo kwenye simu yangu, alinitumia mwenyewe. Bibi ameinama, matone yanang'aa juani, na mimi nyuma natabasamu kama bwana harusi. Dokta alisema, "Asante sana bibi, hii ni heshima kubwa." Neema peke yake ndiye aliyeinua mkono, halafu akaushusha. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kumzuia mtu mzima wa umri ule, na kwamba kwao Bukoba pia baraka ya mzee haikatizwi.

Majibu ya maabara yamekuja wiki hii. Kwenye ukoga wa Mzee Gego kumekutwa mtama, na pamoja na wapangaji wa kale kumekutwa wadudu wa mdomo wa mtu aliye hai. Basi hakuna anayejua. Je, mtama ule ni wa Mzee Gego au ni wa bibi? Kama ni wake, watu wetu walikuwa na mashamba hapa zamani kabisa, na Neema amepata alichokuwa anakitafuta. Kama ni wa bibi, basi ni uji wa bibi. Njia ya kuwatenganisha ni moja: bibi atoe mate, wajue wapangaji wake ni nani na nani, kisha wawaondoe kwenye hesabu ya Mzee Gego, abaki na wa kwake. Bibi asipokubali, Mzee Gego anarudishwa kwenye boksi katika ile nyumba waliyopanga Pasiansi, anakaa humo na ushahidi wake mdomoni, na Neema anaanza upya kutafuta mfu mwingine mwenye meno. Wafu wenye meno hawapatikani kama dagaa.

Niliposikia hayo nilipandwa na mori.

Bibi yangu apimwe mdomo kama mwizi wa kuku? Mbona Dokta hapimwi, aliyeshusha barakoa? Sawa, amepimwa. Wote tumepimwa. Lakini sisi tulipimwa kama wafanyakazi, na bibi anapimwa kama kosa! Baraka waliyoiomba wenyewe, waliyoipiga picha, leo imegeuka jambo la kuondolewa kwa mashine. Mate yaliyowatoa pacha wa shangazi wakiwa hai, leo ni uchafu!

Uchafu! Mate ya bibi yangu!

Sawa, neno lenyewe hawakulitamka hivyo. Nitafika huko. Niache nimalize kukasirika.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba walikuwa na barua za kila ofisi. Walimuuliza mwenyekiti wa kijiji, wakauliza halmashauri, wakauliza wizara. Hakuna aliyeuliza swali moja la kitoto: je, uso wa mfu ukitokeza, kwenu mnamfanya nini? Kijiji kizima kingejibu. Mtoto wa chekechea angejibu. Bibi angeambiwa mapema ampulizie miguuni, angempulizia miguuni, na Mzee Gego angepata maji yake bila kuharibiwa ushahidi. Lakini wasomi wanakuja na glovu za kuwalinda wafu dhidi ya sisi tunaochimba, hawaji na swali hata moja juu ya sisi tunaowazika.

Hiyo hasira ni halali. Naiacha hapo, iko peke yake, haina mchanganyiko.

Sasa leo.

Tulitoka asubuhi, Dokta anaendesha, Neema nyuma na kisanduku chake cha barafu. Kule kwa bibi jua lilikuwa kali, hata wingu hakuna. Njiani nilikuwa nimevimba kama chura wa masika. Bibi anakielewa Kiswahili akitaka, lakini mbele ya wageni hataki, anasema kinamkausha ulimi, anataka Kisukuma. Kwa hiyo mkalimani ni mimi. Bila mimi safari ile ni matembezi tu. Niliwaambia, "Nyie tulieni. Bibi ni mke wangu. Neno moja tu, mdomo uko wazi."

Na ni kweli ni mke wangu. Tangu nikiwa mtoto mchanga ananiita mume wangu, ananigombeza kwa kurudi nyumbani mikono mitupu, ananiuliza kitenge chake kiko wapi. Mimi namwambia amezeeka, naongeza mke wa pili, na huyo mpya anajua kutumia simu. Ndivyo bibi na mjukuu wanavyoishi kwetu. Hakuna neno lisilosemeka kati yetu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nadhani.

Tulipofika nilisalimia kwa sauti tangu kwenye mlonge, "Mwangaluka!" Bibi akatoka, mdomo wa chini umevimba kwa ugoro, akaangalia wageni, akamwona Neema.

"Mume wangu," akasema, "leo umeamua kuniletea mke mwenzangu hadharani?"

Neema hakuwa ameelewa, akapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Unajua kupika, au unajua kusoma tu?" Hilo alilisema kwa Kiswahili, ili lifike.

"Kupika najifunza, bibi."

"Basi huyu bwana atakufa na njaa. Mie nimemlisha, shukrani sijaiona."

Alitutolea michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, na karanga, na chai ya rangi. Akamuuliza Dokta kama Wazaramo bado wanakula muhogo mbichi au serikali imewasaidia. Dokta akajibu wanakula, ila sasa wanaosha. Bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nakumbuka nilijiambia, Shija, kazi hii ni rahisi kuliko kumeza uji.

Kisha Dokta akaweka kikombe chini, akaweka mkono kifuani, akaongea. Huyu Mzaramo anajua kuongea, lazima nimpe haki yake hata nikiwa na hasira. Alisema, "Bibi, siku ile ulitubariki, na tunashukuru. Sasa baraka yako imekutana na chakula cha yule mzee, vimeshikana, nasi tunashindwa kujua kipi ni chako na kipi ni chake. Hatutaki kumnyang'anya cha kwake, wala kukunyang'anya cha kwako. Tunaomba utusaidie."

Akanigeukia mimi nifasiri.

Nikafasiri. Kwa kifupi.

Watu wakacheka, na mimi wa kwanza.

 Bibi alinitazama, akawatazama wageni. Alichukua ncha ya kanga akafuta ugoro kwenye mdomo wa chini, taratibu, akafuta tena pale palipokwisha kuwa safi. Akasukutua maji, akayatema mbali, nyuma ya jiwe la kusagia. Halafu akakaa kwenye kigoda akafungua mdomo.

Neema alipiga magoti mbele yake, akapitisha kijiti kwenye ufizi na kwenye yale meno machache yaliyobaki, kwa upole kama anamlisha mtoto. Akasema asante kwa Kiswahili, halafu akasema "wabeja", neno la Kisukuma nililomfundisha njiani. Kichupa kikafungwa, kikaingia barafuni. Imekwisha. Dokta akanipiga begani, "Umetisha, mtani."

Nilivimba zaidi.

Kuanzia hapo bibi alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Nikadhani ni vumbi. Alipoongea na wageni aliongea akiwa ameifunika. Alipowaaga alitoa mkono mmoja, wa pili umebaki kwenye kanga. Neema aliniuliza pembeni, "Bibi meno yanamuuma? Nimemuumiza?" Nikamwambia wazee wa kwetu wanapenda kujifunika, ni urembo. Mimi na kujua kwangu.

Wageni wakaenda kwenye gari. Mimi nikarudi ndani kuchukua mate yangu.

Kibuyu kilikuwa mahali pake. Unga wa mtama ulikuwepo, niliuona kwenye ungo. Nikavua kofia, nikapiga magoti pale kizingitini kama nilivyopiga siku ile ya kwenda sekondari, nikafumba macho, nikaelekeza paji. Nikasubiri. Nilisikia kuku wakiparua majivu. Nilisikia Dokta akiwasha gari. Nikajikaza nisicheke, maana maji yale huwa ya baridi na huwa yananitekenya.

Hayakuja.

Nilipofumbua macho bibi alikuwa amesimama mbele yangu, kanga mdomoni. Hakuniita mume wangu. Aliongea Kiswahili, kile kile kinachomkausha ulimi, kana kwamba mimi ndiye mgeni niliyetoka kwenye gari.

"Nenda salama, Shija. Nisije nikakuchafua."

Akaingia jikoni.

 Garini Dokta alinitania mara mbili juu ya uvivu wa Wasukuma, nikageukia dirisha, akaona si bure, akaacha. Tulipofika Buhongwa wingu la mvua lilikuwa limekwisha kusimama juu ya mji, na mimi nilikuwa nimekwisha kumpata wa kumlaumu. Ni yeye. Ni Dokta na picha zake. Ni Neema na mkono wake ulioshuka. Ni ile maabara ya ng'ambo inayoweza kumwona mdudu asiyeonekana lakini haiwezi kumwona bibi aliyeinama. Nimefika nyumbani, nimefungua hii shajara, nikapanga kuwaanika wote watatu, na kama unavyoona, nimewaanika.

Nimewaanika mpaka hasira imekwisha, na chini yake kumebaki kitu kimoja.

Tulipomshusha Neema na kisanduku chake pale Pasiansi, nilimwomba anisomee tena majibu ya maabara. Akanisomea, ananifasiria neno kwa neno, yeye hafupishi. Yamesema "mtu aliye hai". Neno uchafu halimo. Neema hakuwahi kulitaja. Dokta alisema baraka. Wewe mwenyewe umesoma hapo juu, alisema baraka.

Uchafu niliutia mimi.

Dokta alinipa maneno mazuri, yamepangwa kama sahani za sikukuu, na mimi mkalimani bora wa kanda nikaona ni marefu, hayachekeshi, na Neema yuko pale ananitazama. Nikamwambia bibi yangu, kwa Kisukuma alichonifundisha yeye mwenyewe: "Bibi, mate yako yamemchafua marehemu wa watu. Wamekuja kuona huo uchafu umetokea wapi. Hebu panua." Halafu nikacheka. Na wale wageni, ambao hawajui Kisukuma hata neno la kuomba maji, wakacheka kwa sababu mimi nilicheka.

Bibi alichokiona ni watu watatu wanaucheka mdomo wake. Wawili ni wageni wake, wanakula michembe yake. Wa tatu ni mume wake.

Na alifungua hivyo hivyo. Alisukutua kwanza, akafungua.

Neema anasema mashine itawatenganisha, wa bibi huku, wa Mzee Gego kule, kila mmoja atabaki na wake. Nimefurahi kwa ajili yake. Mimi na bibi sijui tunapelekwa kwenye mashine gani. Kesho Jumapili nitarudi kule peke yangu, kwa miguu kama gari halipo, nitapiga magoti pale pale kizingitini nimwombe mate yale niliyoyaita uchafu.

Nitamwomba kwa mdomo gani? Ninao huu huu mmoja, ulio bora Kanda ya Ziwa nzima, na ndio uliosema.